Barua ya Vidole

"Futa kidole, mama, halafu bonyeza tena."

Karani wa dirisha la bima alikuwa ameshalisema hilo mara saba, na kila mara sauti yake ilizidi kuwa ya mtu anayeongea na kiziwi. Mwanamke akakifuta kidole kwenye sketi, akakipuliza, akabonyeza. Kimashine chenyewe, kidogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, kikatoa mlio wa kukataa na taa nyekundu ikawaka.

"Kingine."

Vilikuwa vimebaki vitatu. Kazini walimwita Mizani, kwa sababu akisugua unga kidogo kati ya dole gumba na kidole cha shahada alikwambia nguvu yake bila kipimo chochote, na hakuwa mtu wa kukosea. Jina lilimkaa mpaka majirani nao wakalizoea. Leo Mizani huyo huyo alikuwa anaambiwa na kitu kisicho na macho wala pua kwamba hana vidole.

"Labda atoe vya miguuni," mtu alisema nyuma kwenye foleni, na watu wakacheka kile kicheko cha kusogeza muda. "Au ni marehemu, tunasukumana naye bure."

Mume wake alikuwa amemshika kiwiko. Alikuwa fundi cherehani, mtu mrefu, nadhifu, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola, ila macho yake yalikuwa na utando mweupe kama chai iliyozidi maziwa. La kushoto lilibaki kutofautisha mchana na usiku tu. La kulia lilikuwa linafuata njia hiyo hiyo.

"Wanasemaje?" aliuliza.

"Bado."

"Bado nini? Si unabonyeza tu?"

Cha kumi kilipokataa, karani akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya, jamani, alikuwa mtu aliyechoka. Akaeleza kwamba bima ni ya mama, mgonjwa ni tegemezi wake, na bila alama za vidole vya mwenye bima mfumo haufunguki. Jina la fundi lilikuwa limeshapangwa kwa upasuaji wa Alhamisi. Madaktari wa macho walikuwa wageni, wangeondoka Ijumaa, na wasingerudi kabla ya miezi saba.

"Na nikisubiri hiyo miezi saba?" fundi akauliza, uso ameuelekeza pembeni kidogo ya pale karani alipokaa.

"Daktari alikwambia mwenyewe, baba. Mtoto wa jicho huyo amekomaa. Akizidi kukaa anaweza kupandisha presha ya jicho, na hapo hata wakipasua huenda usione."

Ilikuwepo njia moja. Mwajiri aandike barua, aeleze kwa nini alama hazisomeki, agonge muhuri, mwenye bima atie sahihi chini. "Lakini sababu iandikwe," karani alisisitiza. "Siyo 'hazisomeki' halafu basi. Mfumo unataka sababu."

Mizani akashukuru mara mbili, kama mtu aliyepewa kitu, na wakatoka huku wale wa foleni wakivitazama vidole vyake.

*

Karakana aliyofanyia kazi ilikuwa nyuma ya ghala la mbao, chumba kirefu chenye meza tatu na harufu chachu isiyotoka kwenye nguo hata uzifue mara ngapi. Meza ya kwanza ilikuwa ya papai: mapapai mabichi yalichanjwa asubuhi, utomvu wake mweupe ukakingwa, ukakaushwa, ukachekechwa. Meza ya pili ilikuwa ya nanasi, ambako walisaga vikonyo na maganda, kile watu wanachotupa. Ya tatu ilikuwa ya maziwa ya mtini, yaani utomvu wa mti wa tini. Vyote vitatu vilitoa unga wa kazi moja, kumeng'enya protini, yaani kuivunjavunja nyama hadi iwe laini. Lakini havifanani tabia, na hapo ndipo Mizani alipopatia mkate wake. Ukiuweka unga na tone la maji vidoleni, wa papai unatekenya, wa nanasi unachoma polepole, wa mtini unauma moja kwa moja. Ukichelewa kuunawa, unaanza kukula wewe.

Glavu zilikuwepo, boksi zima, juu ya kabati. Hakuna aliyezikataza. Mizani mwenyewe ndiye aliyezidharau, maana ukivaa plastiki hupimi kitu. Miezi minne nyuma binti yake alipoajiriwa meza ya nanasi, siku ya kwanza alizivaa, na mama akamwambia mbele ya watu, tena kwa majivuno, "Vua hayo masoksi ya mkono. Utapima nini humo?" Watu walicheka na binti akavua. Mizani alikuwa akilikumbuka hilo tangu alipotoka kwenye dirisha la bima.

Bosi alikuwa mwanamke wa makamo, mchapakazi, mwenye simu mbili ambazo hazikunyamaza. Alimsikiliza amesimama.

"Barua nitakuandikia, kwa nini nisikuandikie? Miaka kumi na moja tumekula pamoja." Akaketi. "Ila sitaandika kazi."

"Niandikie nini basi, Bosi? Ni kazi."

"Fikiri kidogo, Mizani. Jumatano anakuja mnunuzi. Anataka kulinganisha aina zote tatu za unga: upi aupeleke kwa wachoma nyama, upi aujaze kwenye vidonge vya tumbo, upi atie kwenye krimu ya uso. Krimu ya uso, unanielewa? Halafu kuna barua inazunguka maofisini yenye muhuri wangu, kwamba utomvu umemla mfanyakazi vidole mpaka mashine haimjui. Nani atapaka usoni?"

"Usoni inawekwa chembe. Inakaa dakika, inaoshwa. Sisi tunashika mbichi kutwa nzima."

"Wewe unajua, mimi najua. Mwenye uso hajui." Bosi alishavuta karatasi. "Tuandike ni hali ya ngozi ya kurithi. Hainiumizi, haikuumizi. Mzee anapasuliwa Alhamisi, anaona, mnafurahi. Au una neno bora?"

Mizani aliwaza yaliyompata mume wake: juzi mteja alirudisha gauni, akalitupa juu ya cherehani na kusema, "Fundi, mkono huu umeushona ndani nje, nivae nikiwa nimejigeuza?" Fundi akaomba radhi kwa kiti kitupu, maana mteja alikuwa amesimama upande wa pili. Ukiyaona hayo kwa mume wako, fundi ambaye zamani wateja walimpangia foleni, utakubali karatasi nyingi.

"Haya," akasema.

"Nitakupa Jumatano jioni, mnunuzi akishaondoka." Bosi akaifungia karatasi kwenye droo. "Na siku hiyo mvae glavu. Wote."

*

Nyumbani hakusema lolote zaidi ya kwamba barua itapatikana. Fundi alikuwa kwenye cherehani bila kushona, anazungusha gurudumu kwa mkono, anasimamisha, anazungusha.

"Imeandikwa nini?"

"Kwamba hazisomeki."

"Karani alisema inatakiwa sababu."

"Sababu ipo, Baba. Acha kunihoji kama askari."

"Sikuhoji. Jicho langu hilo, nauliza habari zake." Akazungusha gurudumu tena. "Mimi nikipona, kwanza nitakaa nje nitazame watu wanavyovaa vibaya. Mwaka mzima wamenitania hawa, nami siwaoni suruali."

Alikuwa na furaha, ndiyo shida yenyewe. Alipiga pasi shati la Alhamisi Jumatatu ile ile, kwa kupapasa, akajiunguza kidogo na hakusema. Mizani alizunguka chumbani akipanga vitu vilivyokwisha pangwa. Kona ya pili binti yao alikuwa anaosha vyombo, na kila mara alitoa mikono kwenye maji akaikung'uta.

"Una nini?"

"Sabuni inawasha, mama. Si kitu."

"Tumia maji mengi," Mizani alisema, na akatoka uani kuanua nguo ambazo hazijakauka.

*

Mnunuzi alifika Jumatano kabla ya saa nne, kijana wa heshima mwenye daftari, viatu vyake vikiwa vyeupe kiasi cha kuwatia watu huruma kwa sakafu ile. Meza zilikuwa zimefutwa. Wafanyakazi wote sita walivaa glavu mpya za buluu na walishika vitu kama wanaobeba mayai.

Mizani alipanga vikombe vitatu vya maziwa ya uvuguvugu, akatia kipimo kile kile cha kila unga, akaangalia saa ya ukutani. Wa mtini uliyagandisha kwanza. Wa papai ukafuata upesi. Wa nanasi ulichukua muda hadi mnunuzi akabadili mguu wa kusimamia.

"Kwa hiyo wa mtini ndio bora," akasema, kalamu tayari.

"Ndio wenye nguvu. Bora ni neno jingine." Hapo Mizani alikuwa kwenye uwanja wake, na sauti yake ikabadilika. "Mtini ni mkali na ni adimu, na maziwa yake mabichi yakigusa ngozi kisha jua likapiga, unapata malengelenge. Mchoma nyama mpe papai. Papai linavumilia joto, linaendelea kufanya kazi nyama ikianza kupata moto. Nanasi likiona moto linalala mapema. Ila na papai asizidishe, asilaze nyama usiku kucha, atakuta uji."

Mnunuzi akacheka na kuandika. "Na vidonge?"

"Watu wengi hupenda nanasi. Lakini usiandike kwenye boksi kwamba linaponya. Na anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, aulize daktari kwanza. Na asiyepatana na nanasi au papai mdomoni, asimeze kidonge chake pia."

"Bosi wako hakuniambia yote hayo."

"Bosi ana simu mbili," Mizani akasema, na hata Bosi akacheka.

"Sasa uso." Kijana akafunua ukurasa. "Hapo ndipo nina oda kubwa."

"Papai, kidogo sana, lililosafishwa. Ipakwe, ioshwe. Isikaribie macho, isiwekwe kwenye kidonda. Na ajaribu kwanza mkononi siku nzima kabla ya usoni."

"Basi tuone mkono," mnunuzi akasema kwa wepesi tu, bila hila. "Wewe unayeishika kila siku. Ngozi yako lazima iwe kama ya mtoto."

Mizani akamwangalia Bosi, Bosi akaangalia droo, na kila mmoja akamwelewa mwenzake vizuri mno. Mnunuzi alikuwa ameshanyoosha mkono. Mizani akavua glavu moja. Vidole vilitoka vyekundu, laini, vinang'aa nchani, havina hata mstari mmoja.

"Ah," kijana akasema.

"Ana hali ya ngozi," Bosi alisema haraka. "Ya kurithi. Hata barua ya hospitali ipo. Haihusiani na huku."

"Pole sana, mama. Na wewe, dada?" Alimgeukia binti, aliyekuwa karibu yake meza ya nanasi, na binti, aliyefundishwa adabu, akavua glavu yake bila kuuliza. Dole gumba na cha shahada vilikuwa vimeanza kubabuka, na nchani palikuwa pekundu vile vile.

"Huyo ni binti yake," Bosi akasema. "Si nimekwambia, ya kurithi."

Binti akamtazama mama yake. Hakutazama kwa hasira, alitazama kama mtu anayesubiri mwenzake aseme neno alilolisahau. Mizani alifungua mdomo. Akaiona Alhamisi, akaliona shati lililopigwa pasi, akaufunga. Mnunuzi akaandika jambo kwenye daftari na wakahamia kwenye mambo ya vifungashio.

Jioni Bosi alimpa barua, imegongwa muhuri, nafasi ya sahihi imeachwa chini. "Umenisaidia leo," akamwambia, na alimaanisha. Njia nzima ya kurudi binti alitembea hatua mbili mbele. Mizani alijiona mchafu, mchafu hasa, na hakujua aanzie wapi kujiosha.

*

Alhamisi asubuhi walikwenda wote watatu, binti amemshika baba mkono, mama na barua kwenye mkoba. Fundi alikuwa hajala kitu tangu jana kama alivyoagizwa, na alikuwa anaongea bila kupumzika. Alimsalimia mlinzi, akamsalimia mfagizi, akamsalimia nguzo moja.

Karani alikuwa yule yule. Aliisoma barua hadi mwisho, midomo ikicheza, akaanza kupiga chapa.

"Sawa. Hali ya ngozi ya kurithi. Hii inafunguka." Taa kwenye kioo chake ikageuka kijani, ya kwanza Mizani kuiona dirishani pale. "Una watoto wangapi, mama?"

"Mmoja."

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Jina lake kamili niliweke hapa. Ya kurithi mfumo unaiandika kwa ukoo. Baadaye akipata tatizo la mikono bima haitamlipia, ya kurithi hailipiwi. Ni utaratibu tu. Tia sahihi hapo chini, mzee aende zake akabadilishe nguo."

"Nini cha kurithi?" fundi akauliza. "Nani kwenu alikuwa hana vidole? Mama yako aliwahi kunipiga kofi, navikumbuka vyote vitano."

Kalamu ilikuwa imefungwa kwenye dirisha kwa kamba fupi. Mizani aliishika, na karani akamwekea karatasi vizuri, akamwonyesha mahali kwa kidole chake. Muuguzi alikuwa ameshasimama mlangoni akiita jina la fundi.

Mizani alisogeza kalamu juu kidogo kuliko mahali pa sahihi. Akayakata kwa mstari mmoja mnene maneno yale ya Bosi, "hali ya ngozi ya kurithi", na pembeni akaandika: kazi ya utomvu, miaka kumi na moja, bila glavu. Kisha ndipo akatia sahihi.

"Mama," karani akasema taratibu, "umeiharibu. Barua iliyokatwa siwezi kuipokea."

"Najua."

"Kalete nyingine sasa hivi. Ukiwahi kabla ya saa sita nitakusaidia."

"Hatanipa nyingine." Akaiachia kalamu ikaning'inia kwenye kamba yake. "Huyu mtoto usimwandike. Hajarithi kitu. Mimi ndiye niliyemwambia avue."

Karani alimtazama, akamtazama binti, akabonyeza kitu, na ile kijani ikazimika. Muuguzi aliita jina la fundi mara ya pili, akasubiri, akaita la mtu mwingine.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini kwa sababu hakuna aliyejua waende wapi. Fundi alikuwa amesikia yote.

"Tangu lini unajua imeandikwa hivyo?"

"Jumatatu."

"Jicho ni langu. Umelitoa dirishani pale kama chenji. Ungeniuliza." Sauti ilimpanda, watu wakageuka. "Ungeniuliza, mke wangu."

"Ungesema nini?"

Fundi alijaribu kufungua kifungo cha juu cha lile shati, kikamsumbua, akakiacha. Hasira haikumwisha, ilionekana shingoni. Kisha akageukia upande alikodhani binti yuko, na kweli alikuwepo.

"Lete mikono."

"Baba, haina kitu, inawasha tu."

"Lete."

Akaishika yote miwili, akaanza kupitisha ncha za vidole vyake juu ya vya mwanawe, kimoja kimoja, taratibu, vile anavyotafuta upande wa nje wa kitambaa. Alianzia kidole cha mwisho. "Hiki kipo," akasema. "Hiki kipo. Hiki pia." Alipofika cha shahada alikirudia mara mbili. Kwenye dole gumba akakaa, akalisugua huku na huko, na hakusema kwamba lipo.

"Kesho huendi kule," akasema.

"Baba, na mama naye akifukuzwa? Tutaishije?"

"Nimesema huendi." Hakuiachia ile mikono. "Utakaa na mimi. Utanitungia uzi kwenye sindano."